Mlio wa Kisarawe, na Kwa Nini Tulirudi Bila ya Lori

Katika mkutano mkuu uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Kamati imekwenda bara na fedha za chama kununua lori, mbona imerudi na fedha na lori halipo? Siku ile wakati ulikuwa mfinyu na majibu yalikuwa mafupi mno. Tumeona ni haki ya kila mwanachama kuelezwa khabari yote, kwani fedha zile ni michango ya misimu miwili, na sisi wa jarida hili tulikuwamo katika safari ile tangu mwanzo hata mwisho.

Haja ya lori haitaki maelezo marefu kwa mkulima wa Pemba. Karafuu haingoji mtu. Ikishachumwa yapasa ichambuliwe makonyo na ianikwe, na ikilala mbichi ndani ya gunia hupata joto ikavunda. Ikishakauka, na uzito wake umebaki kama theluthi moja ya ule wa mbichi, bado yataka ifike kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar. Kila msimu twakodi gari za watu, na wenye gari wajua vizuri kwamba wingu likitanda sisi hatuna la kujadiliana juu ya bei.

Basi tulipopata khabari kuwa kuna lori la tani tatu na nusu linauzwa Kisarawe, la dizeli, silinda nne, Kamati ilituma watu wanne: Bwana Katibu, Bwana Mshika Fedha, dereva wetu, na sisi.

Kwa wasiopajua, Kisarawe ni mji ulio juu ya vilima, magharibi ya Dar es Salaam. Ukitoka Pugu barabara hupanda kando ya msitu, hewa hubadilika ikawa ya baridi kidogo, na mtu wa Pemba hujiona yuko kwao. Ni mahali pazuri pa kujaribia gari, kwani pana mlima wa kupanda na mteremko wa kushuka, na injini haiwezi kujificha kama inavyojificha katika barabara tambarare.

Mwenye gari alitupokea kwa heshima kubwa. "Karibuni wazee wangu wa Kisiwani," alisema, "gari ni hii, injini haijaguswa." Lori lilikuwa limeoshwa, limepakwa rangi, na tayari linanguruma. Bwana Mshika Fedha alifurahi. Dereva wetu hakufurahi. Aliweka kiganja juu ya chuma karibu na injini, akatunong'oneza: "Limewashwa kitambo, lina moto. Kwa nini hakutungoja sisi tuliwashe?"

Hilo ndilo la kwanza tunalotaka wanachama walishike. Gari unayotaka kuinunua yapasa uikute baridi. Dakika chache za mwanzo, oili ikiwa bado imekaa chini na chuma hakijatanuka, injini husema mengi ambayo baadae huyanyamazia. Na yako mengine ambayo huyanyamazia wakati huo, ikayasema ikishapata moto. Mwenye kukuwashia gari kabla hujafika amekunyima nusu ya khabari, pengine bila ya kukusudia.

Tulipanda. Tuliteremka mpaka Pugu, tukageuka, tukapanda tena. Katika kupanda lori lilivuta vizuri. Lakini katika mteremko, dereva alipoondoa mguu kwenye mafuta, ulisikika mlio mzito chini ya viti, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi kutoka chumba cha ndani. Alipokanyaga mafuta ulipungua. Alipoachia ulirudi.

Hapo kila mmoja wetu akawa daktari. Bwana Katibu alisema ni tapeti, zikazwe tu. Bwana Mshika Fedha, ambaye aliwahi kuwa na gari ya dizeli, alisema bila shaka yoyote ni nozeli, na nozeli si ghali. Mwenye gari alicheka akasema dizeli zote hugonga, ndivyo zilivyoumbwa. Na sisi, tukiri, tulivutwa na maneno yake, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliitengeneza ikafanya kazi barabara huko Ujerumani mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Huvuta hewa tupu, ikaibana mpaka ikawa sehemu moja katika kumi na sita, au hata katika ishirini. Hewa ikibanwa namna hiyo hupata moto mkali kupita nyuzi 500, na hapo ndipo mafuta yanaponyunyizwa ndani. Lakini mafuta hayashiki moto papo hapo. Hupita muda mdogo sana, kadiri ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo mafuta mengine yanazidi kuingia. Yakishika, hushika kwa pamoja, na kishindo hicho ndicho mlio wa dizeli tuuzoeao. Injini ikiwa baridi muda huo hurefuka, na ndiyo sababu lori hugonga sana alfajiri likatulia likishapata moto.

Kwa hiyo mwenye gari alisema kweli kwamba dizeli hugonga. Alichoacha kusema ni kwamba mgongo wa dizeli hutulia kadiri injini inavyopata moto, na ule wetu ulikuwa unakua.

Dereva wetu alikataa kubishana. Alisema Kibaha yuko fundi mmoja mtu mzima anayemwamini, na hakuna atakalolisema yeye mpaka mzee yule asikilize. Mwenye gari alikubali, kwa shingo upande. Tukashika njia ya Mpuyani inayotokea Kiluvya katika Barabara ya Morogoro, na kutoka hapo tukaingia Kibaha.

Baadhi ya wanachama watauliza kwa nini Kibaha. Mji huu una historia yake na magari. Ndipo kilipo Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania, ambacho watu wote hukiita Nyumbu, kilichoanzia katika jeshi na kusimamishwa rasmi kuwa shirika mwaka 1985, na ndiko lilikoundwa lori lililopewa jina hilo hilo. Na Barabara ya Morogoro imepita kati ya mji, malori ya kwenda bara yote yapita hapo, na palipo na malori mabovu hapakosi mafundi wazuri.

Gereji ya mzee yule ni kipande cha ardhi chini ya mwembe, na kontena moja la kuwekea vifaa. Tulimwamkia, akaitikia, akatazama lori kwa mbali. Dereva wetu akaanza: "Mzee, tumekuletea gari, wenzangu wanasema ni nozeli..."

"Kijana," mzee alimkatiza, "sikukuuliza jina la ugonjwa. Niambie mlio unakuja lini."

Akauliza maswali, moja baada ya moja, na tumeyaandika hapa kwa kuwa ndiyo faida kubwa tuliyorudi nayo. Unakuja injini ikiwa baridi au ikiwa na moto? Katika kupanda au katika kushuka? Gari ikiwa imesimama, ukikanyaga mafuta, mlio unafuatana na injini, au husikii kitu mpaka magurudumu yazunguke? Ukikanyaga klachi unabadilika? Umeanza ghafla au umekua kidogo kidogo? Kuna taa gani iliyowaka?

La mwisho hilo lilitufanya tutazamane. Dereva alisema kwamba taa ya oili ilikuwa ikipepesa gari iliposimama Kiluvya na injini ina moto, na ikizima ukikanyaga mafuta. Mzee aliweka kikombe chake chini. "Na mkaendelea kuja?" aliuliza. Tulikosea, na tunaliandika kosa letu ili lisirudiwe. Mgongo mzito pamoja na taa ya oili ni alama ya kuzima injini pale pale ulipo, ukavutwa. Oili ikikosa nguvu chuma husaga chuma, na maili chache zaidi hutosha kuifanya injini inoki, konrodi ikakatika na kutoboa ubavu wa injini. Tungekuwa tumevunja gari ya mtu kabla ya kuinunua.

Mzee hakuifungua injini. Alisema ipoe kwanza. Tulikaa chini ya mwembe zaidi ya saa mbili, tukanywa chai na chapati, na Bwana Mshika Fedha alitazama saa yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ilipopoa, mzee aliiwasha mwenyewe. Ikawaka kwa mlio wa kawaida wa dizeli baridi, na ule mgongo mzito haukusikika kabisa! Mwenye gari alitukodolea macho kana kwamba tumemsingizia. Mzee hakusema neno. Aliiacha ingurume, na kama robo saa hivi baadae, taratibu, ukaanza.

Kisha akainua kichwa cha gari, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha ubavuni mwa injini na mpini akauweka sikioni. Sisi tuliona ni mchezo. Lakini kazi hii ni ile ile ya daktari. Mwaka 1816 huko Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, akasikia moyo kwa uwazi ambao sikio tupu halikuupata, na hapo ndipo kilipotoka kipimo ambacho madaktari hukivaa shingoni. Chuma hupeleka mlio vizuri kuliko hewa. Ncha ikiwa juu ya tapeti, utasikia tapeti. Ikiwa chini karibu na krenki, utasikia krenki. Mzee alitupa kila mmoja asikilize kwa zamu. Juu kulikuwa na mlio mwepesi, wa haraka na sawasawa, kama cherehani. Hiyo ndiyo tapeti, na haikuwa na kosa. Chini, upande wa silinda ya tatu, ile ngumi ilikuwa inagonga sikio.

(Mwanachama atakayejaribu haya nyumbani ajihadhari na feni na mikanda inayozunguka. Kanzu na kikoi havina kazi karibu na injini inayowaka.)

Baada ya hapo lilikuja jaribio lililotukata maneno. Mzee alichukua spana, na injini ikiwa inakwenda alilegeza nati ya bomba la mafuta la nozeli ya kwanza, ili silinda ile ikose mafuta. Injini ikayumba, mgongo ukabaki. Akakaza, akaenda ya pili, mgongo ukabaki. Alipolegeza ya tatu mgongo ukafifia kama umefunikwa blangeti. Alipokaza ukarudi. Ya nne, ukabaki.

Bwana Mshika Fedha akapiga kofi. "Si nilisema! Nozeli ya tatu!"

Mzee alitabasamu. Alisema jaribio hili linakwambia nyumba, halikwambii mtu aliyemo ndani. Silinda ikikosa mafuta, nozeli mbovu hunyamaza, lakini na bering ya konrodi iliyolika hunyamaza pia, kwani hakuna tena kishindo cha kuisukuma. Akaizima injini, akafungua nozeli ya tatu akaiweka mahali pa ya kwanza, na ya kwanza akaiweka mahali pa ya tatu, hakugusa kitu kingine chochote. Akatoa upepo katika mafuta, akawasha tena, tukangoja moto upande.

Hapa wanachama wafikiri kidogo pamoja nasi. Kama ubovu ulikuwa ni wa nozeli, mgongo ungehama pamoja nayo ukaenda silinda ya kwanza. Haukuhama. Alipolegeza nati ya kwanza hapakuwa na mabadiliko, na alipolegeza ya tatu, ngumi ikafifia vile vile kama mwanzo. Nozeli haikuwa na dhambi. Laiti tungelimfuata Bwana Mshika Fedha, tungelinunua lori, na nozeli mpya nne, na mgongo wetu ungelibaki pale pale.

Mwisho mzee alifungua bolti ya chini, akakinga oili kidogo katika kopo. Ilikuwa nzito kupita kiasi, na aliyeiweka huenda alifahamu kuwa oili nzito hupunguza kelele za bering kwa muda. Akaipitisha katika kitambaa cheupe na kukigeuza juani. Tuliona vipande vidogo vidogo vinavyometameta, vingine vya kijivu, vingine rangi ya shaba. Ni ngozi ya bering iliyochunika.

Alisema kwa desturi ya mafundi wazuri, yaani bila ya kuapa. Bering ya konrodi ya tatu imelika, hana shaka kubwa. Kama krenki yenyewe imeumia, hawezi kujua mpaka sampo ishushwe. Ikiwa haijaumia, kazi ni ya kubadilisha bering na kusafisha njia za oili. Ikiwa imeumia, yataka itolewe ichongwe, na hiyo ni injini kufunguliwa yote.

Tukamwomba mwenye gari ruhusa ya kushusha sampo kwa gharama zetu. Alikataa, ila tulipe kwanza sehemu ya bei. Tukamwomba apunguze bei kwa kadiri ya kuchonga krenki. Alipunguza, lakini kiasi ambacho hakingetosha hata bering. Bwana Katibu alitaka tununue tukatengenezee Kibaha kwa mzee yule, akahoji kwamba msimu umekaribia na tukirudi mikono mitupu tutakodi tena. Bwana Mshika Fedha, ambaye asubuhi alikuwa wa kwanza kufurahi, alisema fedha si zake, hawezi kununua kitu asichoweza kukiona ndani. Tulibishana mpaka magharibi, na kura ya dereva ndiyo iliyoamua. Hatukununua. Mzee tulimlipa kazi yake, na alitoza kidogo kuliko tulivyotazamia. Tulisikia baadae kuwa lori lile limepata mnunuzi mwingine. Zaidi ya hapo hatukusikia.

Bwana Katibu mpaka leo anaamini tulikuwa waoga, na ametutaka tuyaandike maneno yake. Msimu ulipofika tulikodi gari kama alivyosema, na bei mnaijua.

Tunaongeza machache kwa ajili ya wanachama wenye gari zao, kwani maswali ya mzee yule yanafaa kwa gari yoyote. Kelele ya kama paka aliyekanyagwa, asubuhi ya mvua, ikapotea baadae, aghlabu ni mkanda wa feni uliolegea au kuchakaa. Mlio wa tak-tak unaofanana kabisa na tapeti, lakini unazidi ukipanda mlima, huenda ni gasketi ya eksozi inayovuja; tazama masizi meusi kwenye maungio. Tunamfahamu mwenzetu mmoja wa upande wa Konde aliyekaziwa tapeti mara mbili kwa mlio huo, na gasketi yenyewe ni ya bei ndogo. Kelele inayokuja ukikanyaga klachi ikapotea ukiiachia, tafuta kwenye bering ya klachi. Ikiwa ni kinyume chake, tafuta ndani ya gia boksi. Na mngurumo unaofuata mwendo wa gari, hata ukitoa gia ukaacha gari iserereke, si wa injini kabisa. Angalia bering za magurudumu. Wenye gari za petroli wakisikia mlio mwembamba kama wa changarawe katika kupanda, ukakoma wakipunguza mafuta, basi mafuta yanawaka vibaya ndani ya silinda: petroli hafifu, au moto umetegwa mapema mno, au masizi yamejaa.

Na onyo moja zito. Ule ufundi wa kulegeza nati za nozeli ni wa injini za zamani zenye pampu ya kawaida. Dizeli nyingi za siku hizi zina bomba moja la pamoja ambamo mafuta hukaa kwa nguvu kubwa mno, mara elfu moja na zaidi ya nguvu ya hewa tunayovuta. Ukilegeza nati ya namna hiyo injini ikiwaka, mafuta yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na mtu akapoteza mkono au maisha. Gari hizo hupimwa kwa mashine, na fundi asiye nayo mwambie aziache.

Kamati imekusudia kwenda tena bara kabla ya msimu ujao. Safari hii barua itatangulia kumwambia mwenye gari asiiwashe mpaka tufike, na mapatano ya kushusha sampo yatafanywa kabla ya kupanda meli. Mwanachama mwenye khabari ya lori la kuaminika amwone Bwana Katibu, na akiweza aeleze linalia namna gani, na lini.